Daktari Makunyanzi Ahamia Kiti cha Pembeni

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, daktari wetu bingwa wa mifupa, ambaye hospitali nzima kuanzia getini hadi jikoni humwita Daktari Makunyanzi, alitimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi na akastaafu rasmi. Msomaji makini atauliza kwa nini basi jarida hili linamuaga mwishoni mwa Oktoba. Swali ni la haki na jibu lake limo humu humu, ila mwandishi ameelekezwa aanze mwanzo, na maelekezo ni maelekezo. Mambo ya kitaalamu yamepitiwa na Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji, ambaye alifuta mengi. Makosa yaliyobaki ni ya karani wa idara, naye anaomba radhi mapema.

Daktari alipoajiriwa, wodi ya mifupa ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Aliyevunjika karibu na goti alilazwa chali, mguu umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda, wiki baada ya wiki. Mfupa uliunga, hilo halina ubishi. Lakini mtu alishuka kitandani na mguu ulionyooka kama mpini wa fagio, akaketi kwenye gari la nduguze ukiwa umetokeza dirishani. Daktari, wakati huo kijana, alikuwa akisema kwamba goti lililopona bila kukunja ni mlango uliopigiliwa misumari: nyumba ipo, ila huingii.

Yeye ndiye aliyeanzisha hapa kwetu upasuaji wa kuweka mabamba ya chuma kwenye mifupa inayovunjika jirani na goti. Kwa wenzetu wa uhasibu na ghala, ambao huyaona mabamba hayo kwenye ankara tu, maelezo mafupi ni haya. Sehemu ya juu ya mfupa wa mguu, chini kidogo ya goti, ni kama sakafu ambayo goti hutembea juu yake. Ikipasuka, vipande hukusanywa na kurudishwa mahali pake, sehemu iliyobonyea huinuliwa na kujazwa chini yake, kisha bamba jembamba huwekwa ubavuni mwa mfupa na kukazwa kwa skrubu, ili sakafu isishuke tena mtu anapokanyaga. Sista Mkuu amesema maelezo haya yanatosha na nisiongeze neno.

Sasa jina. Wageni hudhani ni kejeli ya umri wa Daktari. Hapana. Alilipata akiwa na miaka thelathini na kitu, uso wake laini kama karatasi mpya, kwa sababu ya kanuni moja aliyokataa kuivunja kwa mtu yeyote. Goti likivunjika, ngozi huvimba ikang'aa kama puto, na mara nyingine hutoka malengelenge. Daktari hakugusa kisu mpaka uvimbe ushuke na ngozi ianze kukunjamana tena inapofinywa kwa vidole viwili. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, akafinya, akatikisa kichwa, akaendelea. Ndugu wa wagonjwa walimwendea wakiwa wamekunja ndita: mtu wetu amelala wiki nzima, mnasubiri nini? Naye akajibu kwa upole uleule kwamba anasubiri makunyanzi. Likawa jina. Leo, kwa kuwa na uso nao umefuata, yeye mwenyewe husema jina lilitangulia na yeye amelifikia kwa mwendo wa kawaida.

Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa subira yake kwenye benchi la nje, hudai kwamba hata nyumbani Daktari hamimini maziwa mpaka yafanye utando na utando ukunjamane. Idara haikuweza kuthibitisha hili.

Kanuni ile ilikuwa na chanzo chake. Katika mwaka wake wa kwanza, Daktari alishika kulabu za kupanulia jeraha akimsaidia mkubwa wake kumpasua fundi cherehani, mtu wa makamo, goti likiwa bado limevimba. Mkubwa alikuwa mjuzi na kazi ya mfupa ilitoka safi. Lakini ngozi ilikuwa imevutika mno. Jeraha halikufunga, likaoza, bamba likaonekana kwa nje, na mwisho wake fundi akakatwa mguu. Daktari alikuwa akilitaja jambo hili mara moja tu kwa kila kundi la madaktari wanafunzi, siku ya kwanza, bila kumtaja mkubwa wake kwa ubaya. Alisema mfupa unajua kusubiri. Asiyejua kusubiri ni sisi.

Desturi yake ya pili inajulikana na kila aliyewahi kusukuma machela. Mgonjwa mpya hakuulizwa kwanza wapi panauma. Aliulizwa: "Goti hili linafanya kazi gani?" Jibu liliandikwa kwa kalamu nene kwenye ubao mweupe juu ya meza ya upasuaji, na kabla ya kisu kushikwa Sista Mkuu alilisoma kwa sauti, na watu wote chumbani wakalisikia. Goti la kupiga magoti na kupanga marumaru. Goti la kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na ndoo. Goti la baiskeli ya mkate. Mzee mmoja, aliyekuwa mtumishi wa posta, alijibu kwamba lake halifanyi kazi yoyote, limestaafu pamoja naye. Daktari akaandika: goti la kochi, likunje vizuri. Tangu Juni, wodi nzima inamkumbusha goti hilo.

Katika kufundisha alikuwa mkali, na si vyema kuficha. Alifundisha madaktari wengi, na kila mmoja alianza kwa kuvunja kisahani cha chai. Kisahani kilipasuliwa kwa nyundo ndogo ndani ya taulo, mwanafunzi akakabidhiwa vipande na gundi. Kikikauka, Daktari alichukua gololi ya kioo, akaiviringisha juu yake, akasikiliza. Gololi ikiruka hata kidogo kwenye ufa, kisahani kilirudi ndani ya taulo. Alikuwa akisema: "Ukiacha ukingo mnene kama ukucha, mtu atajikwaa ndani ya goti lake mwenyewe." Jikoni waliwahi kuandika barua kulalamikia upungufu wa visahani. Barua ilijibiwa kwa heshima, na visahani viliendelea kupungua.

Aliyerudishiwa taulo mara nyingi kuliko wote ni huyu ambaye sasa anashika nafasi yake. Tunamwita Daktari Mdogo, ingawa ni mrefu kuliko fremu ya mlango wa chumba cha dawa. Visahani vyake vya mwanzo, kwa maneno ya Sista Mkuu, vilifanana na barabara ya nyuma ya karakana. Cha mwisho kipo kwenye rafu ya ofisi, na ukipitisha kidole unahitaji miwani ili uone kilipopasukia.

Haiwezekani kumuaga Daktari bila kutaja mkasa wa tarehe thelathini na moja Desemba. Zamani ratiba ya upasuaji iliandikwa kwa mkono, na palipotakiwa tarehe kwa wagonjwa wa goti, Daktari aliandika tu: ngozi itasema. Kompyuta zilipoletwa, zikakataa. Bila tarehe hazihifadhi kitu. Karani wa wakati huo, mtu mwerevu aliyehamia baadaye idara nyingine kwa hiari yake, akapata dawa: kila goti alilipatia tarehe ya mwisho kabisa ya mwaka, akikusudia kurekebisha ngozi ikishasema. Ngozi zilisema, upasuaji ukafanyika, wagonjwa wakaenda makwao. Kurekebisha ndiko kulikosahaulika.

Ilipofika Desemba, kompyuta ikatangaza magoti kumi na moja siku moja. Ghala likatoa masanduku ya mabamba, dobi akafua mashuka hadi akakosa kamba za kuanikia, wauguzi wawili wakarudishwa kutoka likizo. Mapokezi wakawapigia simu wagonjwa, wakawaambia wasile kitu tangu usiku. Wengi walicheka na kukata simu. Mmoja, fundi rangi, alikuja. Alitembea kutoka kituoni kwa goti lililopona miezi mitano nyuma, njaa inamuuma, akauliza kwa adabu ni kitu gani kingine kimevunjika. Daktari alimpa chai na mkate, kisha akamwomba achuchumae na kusimama mbele ya wanafunzi ili siku isipotee bure. Fundi yule bado hutuletea salamu kila Desemba.

Kompyuta haikubadilika, na Daktari pia hakubadilika. Hadi mwaka huu karani wa idara aliyapa magoti tarehe ya muda na kuikagua kila asubuhi kwa hofu inayostahili. Daktari mwenyewe, katika miaka yote hiyo, hakuwahi kutaja tarehe hata mara moja. Tafadhali msomaji aliweke hilo akilini.

Sasa tufike Juni.

Dereva wetu wa gari la wagonjwa, anayejulikana kwa jina la Gia Tatu kwa sababu huanza, huongeza na humaliza kila jambo kwa gia hiyo, ndiye mtu aliyewaleta kwa Daktari wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote wa rufaa. Ndiye pia anayewafundisha madereva wapya, na somo lake la kwanza huwa breki ya mkono. Kinyozi hajinyoi. Katikati ya Juni alisimamisha gari kwenye mteremko wa karakana, akashuka kufungua geti, na breki ya mkono haikuwa imevutwa ikafika. Gari likateremka taratibu, bila hata kelele, bampa likamgonga goti la kushoto kwa ubavu na kumbana kwenye nguzo. Alipopakiwa kwenye gari lilelile, alimwambia dereva mwanafunzi aliyekaa kwenye usukani kwamba somo la leo ameliona kwa vitendo.

Picha ya eksirei ilionyesha sakafu ya goti imepasuka na upande mmoja umezama. Jioni hiyo Daktari alimfunga fremu ya vyuma vya nje, juu na chini ya goti, ili mguu utulie huku ngozi ikisubiriwa. Kisha akauliza swali lake. Gia Tatu akajibu kwamba goti la kushoto linakanyaga klachi, na Dokta anajua. Akaongeza kwamba likishindwa klachi yeye atakabidhiwa rungu na kiti pale getini, na watoto wake bado wako shuleni. Ubao ukaandikwa: goti la klachi.

Ngozi ilivimba kuliko kawaida. Yakatoka malengelenge. Daktari alipita kila asubuhi, akafinya, akatikisa kichwa. Na sasa kila mtu alianza kutazama kalenda, kwa sababu tarehe thelathini ilikuwa inakuja na goti lile halikuwa na habari nayo.

Kustaafu kwake kulikuwa na ukuta mnene. Kwa kanuni za utumishi, aliyestaafu hashiki kisu hospitalini bila mkataba mpya, na mkataba mpya huchukua miezi kupitishwa. Goti lililopasuka halisubiri miezi, linaanza kuunga lilivyo, vibaya. Mkurugenzi aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama ngozi haiwezi kuharakishwa walau mara moja. Mke wa Gia Tatu, ambaye idara nzima humwita shemeji, alimfuata Daktari ushorobani na kumshika mkono. Alisema miaka yote hakuna aliyemwomba aende na saa ya mtu mwingine, ila mara hii moja tu yeye anamwomba. Gia Tatu mwenyewe aliapa kwamba hapasuliwi na mwingine. Kama Daktari anaondoka, yeye atarudi nyumbani na vyuma vyake vya nje na kuvitumia kuanikia nguo.

Watu wa chumba cha upasuaji walijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Daktari Mdogo alikuwa amesaidia magoti mengi kama lile, lakini hakuwahi kuongoza moja lililozama kiasi hicho. Yeye mwenyewe alimwendea Daktari ofisini na kusema hayuko tayari. Mlango ulikuwa wazi. Daktari hakumpa moyo kwa maneno. Alichukua kile kisahani kutoka kwenye rafu, akakiweka mbele yake, akaendelea kuandika.

Alhamisi ya mwisho ya utumishi wake, Daktari alifinya ngozi ya goti la klachi kwa mara nyingine. Ilikuwa bado inang'aa. Alinawa mikono, akaja moja kwa moja kwenye ofisi ya karani, akasimama nyuma ya kiti. Kompyuta ilikuwa inadai tarehe, kama kawaida yake. Mkurugenzi alikuwa ametuma ujumbe kwamba inatakiwa kabla ya mchana.

"Weka tarehe tano Julai," alisema.

Karani aliandika, kisha akaona ilivyo. Tarehe tano Daktari hatakuwepo. Kwa sauti ambayo hakukusudia iwe ndogo vile, akauliza aandike jina la nani kwenye nafasi ya mpasuaji.

"La mdogo wangu. Na siku hiyo ikifika ngozi haijakunja, ataisogeza mbele. Nimemfundisha kuisogeza."

Jambo lilikuwa bado halijafika kitandani. Daktari alilifikisha mwenyewe, karani akimfuata na fomu ya ridhaa, Daktari Mdogo akiwa amesimama dirishani kama mtu anayesubiri basi lisilo lake. Gia Tatu alisikiliza hadi mwisho, akageuza uso ukutani. Akasema amembeba Dokta huyu usiku na mvua miaka yote hii, na siku moja tu anayomhitaji, anampa dereva mwanafunzi.

Daktari alivuta kiti akaketi. Wanaomfahamu wanajua kwamba hakuwa akiketi wodini.

"Wewe, ulipokuwa ukimfundisha dereva mpya kuendesha usiku, ulikaa kiti gani?"

"Cha pembeni," alisema, bado anatazama ukuta.

"Na mguu wako?"

Kisha shemeji ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu alijua jibu. Mumewe alikuwa akirudi nyumbani analalamika paja linauma. "Ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo, Dokta," alisema Gia Tatu.

"Na gari lilifika?"

"Lilifika."

"Basi na mimi nitakaa kiti cha pembeni. Nikilipasua leo nikiwa na haraka ya kalenda, nitakuwa sijakupasua wewe, nitakuwa nimejipasulia mwisho mzuri. Ngozi yako haijui kwamba nastaafu."

Gia Tatu alitia sahihi. Alimwambia Daktari Mdogo, huku akimrudishia karani kalamu, kwamba aendeshe taratibu na asiguse redio.

Tarehe thelathini ilikuwa Jumapili. Ijumaa yake Daktari alikabidhi funguo, koti na kalamu nene ya ubao. Sherehe ilikuwa imepangwa siku hiyo, keki imeshaagizwa, na akaikataa kwa barua ya mistari miwili: hataki kuagwa kabla goti la klachi halijakanyaga klachi. Keki ililiwa na wodi ya watoto. Hivyo ndivyo jarida hili lilivyofika Oktoba, na mwandishi anatumaini sasa ameeleweka.

Tarehe nne Julai, asubuhi, Daktari Mdogo alifinya ngozi, na ikakunjamana. Alifinya tena upande wa pili. Sista Mkuu anasema alifinya mara nyingi hadi mgonjwa akauliza kama anatafuta mfuko wa suruali. Kesho yake, tarehe ileile aliyoitaja Daktari, goti lilipelekwa chumba cha upasuaji. Ubao ulisomwa kwa sauti.

Nje, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, lile la mbao lililochongoka ukingoni, aliketi Daktari Makunyanzi na nguo za nyumbani na mkoba magotini. Kushoto kwake aliketi mumewe, aliyelifahamu benchi hilo kuliko mtu yeyote na ndiye aliyemwonyesha sehemu isiyochoma. Kulia kwake, shemeji. Miaka thelathini na mmoja Daktari alikuwa upande wa pili wa mlango ule. Wauguzi waliopita walimsalimia kwa kusita, kama waliomkuta mwalimu mkuu amekaa dawati la mwanafunzi. Shemeji ameieleza idara kwamba alitazama chini na kuona mguu wa kulia wa Daktari unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga, unaachia, na hapo akajua kwamba mumewe yuko ndani ya gari linaloendeshwa.

Kazi ilipofika katikati, mlango ukafunguliwa na Sista Mkuu akatoka, barakoa usoni, macho moja kwa moja kwa Daktari. Shemeji akasimama. Mumewe Daktari akauchukua mkoba magotini mwake, maana alijua mtu aliyeitwa huondoka haraka. Daktari hakusimama, ila mguu ulikuwa umetulia juu ya breki yake.

"Daktari Mdogo amesema nikuambie," alisema Sista, "gololi imepita."

Daktari aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia shemeji, akamketisha, akamweleza habari ya visahani kuanzia mwanzo, pamoja na ile barua ya jikoni, na ni shemeji anayesimulia kwamba Daktari alicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja, akasingizia vumbi la benchi. Mlango ulijifunga. Bamba na skrubu zilimaliziwa bila yeye.

Jeraha lilifunga. Mtaalamu wa mazoezi alianza kulikunja goti mapema, kama Daktari alivyotuzoesha, na Gia Tatu alimlalamikia kwa maneno ambayo jarida la watumishi haliwezi kuyachapisha. Alitembea kwa magongo bila kulikanyagia, kisha akalikanyagia kidogo, kisha kwa fimbo moja. Mwezi huu alipelekwa karakana, gari likiwa limezimwa na, kwa amri yake mwenyewe, mawe mawili yamewekwa nyuma ya magurudumu. Daktari Mdogo alisimama mlangoni mwa gari. Goti la klachi likakanyaga klachi mpaka chini, likaachia, likakanyaga tena. Daktari Makunyanzi alikuwa amealikwa kushuhudia. Alikaa kiti cha pembeni, na alipoulizwa maoni yake alimnyooshea mkono Daktari Mdogo: "Muulizeni mwenye mgonjwa."

Mwenye mgonjwa alifikiri muda mrefu, kama alivyofundishwa. Kisha akaruhusu safari fupi.

Kwa hiyo ratiba ya Ijumaa ni hii. Hotuba zitakuwa fupi, kwa ombi la mstaafu. Zawadi ya idara ni kisahani kimoja kilichovunjwa na kuunganishwa na Daktari Mdogo, pamoja na gololi yake. Jikoni wametoa kikombe kinacholingana nacho na wamesema mambo yaishe. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi ya hospitali yetu, mstaafu atapelekwa nyumbani kwa gari la kazi. Dereva ni Gia Tatu. Mumewe Daktari atakaa nyuma, na Daktari atakaa mbele, kiti cha pembeni, ambapo mguu wake utafanya upendavyo. Watumishi wanaombwa kujipanga uani kando ya mteremko na si juu yake, mpaka breki ya mkono itakapothibitishwa na watu wawili.

Daktari, umetuachia wodi yenye madirisha pande zote mbili, madaktari wanaojua kusubiri, na mafundi, wapishi, mama wa ghorofa ya tatu na waendesha baiskeli wanaopiga hatua mitaani bila kukumbuka kwamba kuna chuma chetu ndani yao. Hata wasipokumbuka, sisi tunawaona wakipita na tunajua ni kazi ya nani. Tunakushukuru. Karani wa idara anakushukuru pia kwa niaba yake mwenyewe, kwa ile tarehe moja.

Tunakutakia siku njema, nyingi, za polepole, ambazo hakuna kompyuta itakayozidai tarehe.